Buibui mwenye bonde moja tu duniani

Sisi wa Zanzibar tunaelewa maana ya mnyama kuwa na kwao mahali pamoja tu: kima punju ni wa Unguja, popo mkubwa ni wa Pemba. Lakini Hogna ingens, buibui wa ardhini ninayemtaja sana kila ninapozungumza na wanafunzi, hata kisiwa kizima hana. Porini anaishi Vale da Castanheira tu, bonde la kaskazini mwa Deserta Grande, kisiwa kikavu cha Ureno karibu na Madeira. Kisiwa chenyewe kina kilomita za mraba kama 10. Kwengine kokote hayupo.

Ni buibui wa haja. Mwili sentimita 4, miguu ikinyooshwa inafika 12, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni. Hatandi utando wa kunasia mawindo. Huvizia, kisha hurukia. Jike hubeba mfuko wa mayai nyuma ya tumbo, na watoto wakianguliwa hupanda mgongoni kwake. Jamaa zake wadogo wa familia ya Lycosidae tunao hapa hapa: usiku shika tochi usawa wa macho yako, mulika kwenye majani mafupi, utaona vinukta vinang'aa. Ndiyo macho yao hayo.

Nikisema yuko hatarini kabisa kutoweka, watu hudhani anauliwa kwa kuogopwa. Wapi! Adui wake ni majani. Watu walipeleka mbuzi na sungura kisiwani, wakala uoto wa asili. Sungura wakamalizwa mwaka 1996, jambo la kheri, ila nyasi ngeni iitwayo Phalaris aquatica ikapata nafasi ya kutapakaa. Mizizi yake hufunga udongo na kuziba nyufa na nafasi zilizo chini ya mawe, ambamo buibui huyu hujificha. Fikiria ardhi yetu ya maweni imezibwa matundu yote.

Makadirio yaliyowahi kutolewa ni buibui wazima wapatao 4,000. Mwaka 2017 Bristol Zoo ya Uingereza ilifanikiwa kuwazalisha, wakapatikana watoto zaidi ya 1,000. Picha zao zilisambaa sana, na mimi nilifurahi kama wengine. Hata hivyo, kwa maoni yangu wanaong'oa na kuua nyasi bondeni wanafanya kazi kubwa zaidi, ingawa haipigwi picha. Kwanza mawe yaonekane, ndipo watoto warudishwe.