Kope Zilizoshikana, Konea Inayojengwa

"Daktari, mwanangu hana macho?"

Mama yule alikuwa amesimama kando ya kitanda cha joto, khanga imembana kifuani, sauti haimtoki vizuri. Mwanawe alikuwa njiti wa wiki 24. Pale macho yanapokaa palikuwa na mstari mwembamba tu, ngozi imefunga. Nikamwambia, "Yapo, mama. Kope ndizo bado hazijaachana."

Kope huanza kama mikunjo miwili ya ngozi, karibu na wiki ya saba ya mimba. Ya juu inashuka, ya chini inapanda, na ifikapo wiki ya kumi hivi zimekutana na kushikana. Kinachozishikanisha ni chembe za ngozi ya nje peke yake. Nyama ya ndani haikuungana. Hukaa hivyo mpaka mwezi wa sita au kuingia wa saba. Humo ndimo zinapoota nywele za kope na vitezi vya mafuta, na ngozi ya ukingoni ikishakomaa, gundi ile huachia yenyewe. Aliyewahi kufuga paka ameshaiona hatua hii: watoto wa paka huzaliwa kope zao zingali zimeshikana. Kwa hiyo naomba sana, za njiti zisivutwe wala kukatwa.

Nyuma ya pazia hilo konea inaendelea kujengwa. Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, na kila nikikitazama kwa darubini bado nakistaajabia. Lenzi inapojitenga na ngozi, mnamo wiki ya sita, ngozi inayobaki juu yake ndiyo inayokuwa tabaka la nje la konea. Kisha chembe nyingine husafiri kutoka pembezoni na kuingia chini yake. Baadhi hutandaza tabaka la ndani kabisa. Nyingine hujaza katikati kwa nyuzi zilizopangwa kwa utaratibu mkali, hadi mwanga unapita. Tabaka hilo la ndani kazi yake ni kusukuma maji nje ya konea, maana ikilowa hugeuka ukungu. Chembe zake zikifa karibu hakuna zinazozaliwa upya, kwa hiyo akiba anayozaliwa nayo mtoto ndiyo atakayozeeka nayo.

Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na konea yenye upana wa kama milimita 10, iliyobinuka kuliko ya mtu mzima. Miezi ya kwanza mbinuko wake hupungua kidogo, na akifika miaka miwili hivi imekaribia upana wa mtu mzima, milimita 11.5 hadi 12.

Hapa ndipo ninapopata hofu. Mtoto mchanga husifiwa, "Ana macho makubwa, mazuri!" Lakini kama konea yake imepita milimita 12, inafifia, jicho linatoa machozi, naye anakwepa mwanga, huenda ni presha ya jicho inayoitanua. Huyo aletwe leo, si baada ya arobaini. Vivyo hivyo kope iliyolegea ikafunika mboni: jicho lisilopata mwanga, ubongo haujifunzi kulitumia.

Yule njiti tulimwacha. Siku ya kumi na moja muuguzi aliniita. Kope za kushoto zilikuwa zimeachia upande wa puani, upenyo mdogo kama punje ya mchele, na ndani yake weusi unang'aa. Mama alikuwa ameinama pale, haongei.