PrEP na magonjwa ya zinaa: yanayosemwa na yaliyopo

“Nameza PrEP kila siku, niko salama.”

Salama dhidi ya nini? PrEP ni kidonge cha kumkinga asiye na VVU asiambukizwe virusi hivyo. Tenofovir na emtrisitabini, dawa mbili zilizomo ndani ya kidonge hicho, huzuia kimeng'enya ambacho VVU hukitumia kujizalisha ndani ya seli. Bakteria wa kisonono, klamidia na kaswende hawana haja na kimeng'enya hicho, kwa hiyo kwao ni kama hujameza kitu.

“PrEP ndiyo iliyotuletea magonjwa haya.”

Hapa nitakaa kidogo, maana hoja hii ndiyo hutumika kumnyima mtu dawa.

Jimboni Victoria, Australia, mradi wa PrEPX ulifuatilia watumiaji 2,981 wa PrEP kati ya 2016 na 2018, karibu wote wanaume wapenzi wa jinsia moja au wa jinsia zote mbili. Zaidi ya nusu hawakupatikana na ugonjwa wowote wa zinaa kwa muda wote huo. Robo yao tu, asilimia 25, ndio waliobeba asilimia 76 ya maambukizi yote.

Je, maambukizi yaliongezeka baada ya kuanza dawa? Ndiyo. Kwa wale 1,378 ambao rekodi zao za awali zilikuwepo, yalipanda kwa asilimia 41. Lakini anayetumia PrEP huitwa kupimwa kila miezi mitatu, na anayepimwa sana hugundulika sana. Watafiti walipozingatia hilo, ongezeko likashuka hadi asilimia 12. Lipo, ila si lile la kutangazwa kwa kipaza sauti.

Na hili lilinishangaza: waliotumia kondomu na wasiotumia hawakutofautiana sana kwa maambukizi. Kilichowatenganisha walioambukizwa na wengine ni umri mdogo, idadi ya wapenzi na ngono ya kikundi. Kondomu bado ina kazi yake, lakini kisonono hupita hata kooni, na ni wangapi huvaa kondomu kwa ngono ya mdomo?

“Sina dalili, na mkojo umetoka safi.”

Kijana anakojoa kwenye kikopo, anapewa karatasi iliyoandikwa hasi, anashusha pumzi. Mkojo hauna habari za koo wala za njia ya haja kubwa, na huko ndiko kisonono na klamidia hupenda kukaa kimya, bila usaha, bila maumivu. Kinachotakiwa ni kijiti chenye pamba kipitishwe kooni, na kingine nyuma, sentimita chache tu. Unaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe.

Afrika Mashariki hapo pana mikwamo miwili. Kliniki nyingi hutibu kwa dalili: asiyelalamika hapewi kitu. Tena kijiti cha nyuma hakiombwi bila kueleza unafanyaje ngono, na Kenya, Tanzania na Uganda sheria bado inaihesabu ngono ya njia ya haja kubwa kuwa kosa. Watu hunyamaza.

“Nikimeza antibaiotiki yoyote baadaye, yameisha.”

Si yoyote. Iliyothibitika ni doksisaiklini, miligramu 200 ndani ya saa 72 baada ya ngono, na kwa maelekezo ya mhudumu. Katika utafiti wa San Francisco na Seattle uliochapishwa 2023 ilipunguza sana kaswende na klamidia. Kisonono kilipungua pia, ila kinazidi kuwa sugu, hivyo usiitegemee huko. Amoksilini ya duka la dawa haimo kabisa.

“Nimepata kaswende, basi niache PrEP.”

Kinyume chake. Kidonda cha kaswende ni mlango wa VVU. Huu ndio wakati wa kutoruka hata dozi moja. Choma sindano ya penisilini, wajulishe wapenzi wako, endelea na kidonge.

Usishtuke pia kipimo cha haraka cha kaswende kikisoma chanya mwaka ujao. Kile hutafuta kingamwili, nazo hubaki damuni miaka mingi baada ya kupona. Tunza karatasi ya matibabu, na uombe kipimo cha damu kiitwacho RPR, ambacho kiwango chake hushuka ugonjwa ukitibiwa na hupanda ukirudi.