Acheni Kuniuliza Unene wa Roli

Kila anayetaka kufunikiwa paa la zege kwa roli za lami, ile mikeka myeusi ya kuzuia maji inayogandishwa kwa moto wa gesi, huanza na swali lile lile: "Ni milimita ngapi?" Ukimwambia nne, atauliza kama hakuna tano. Ukimwambia tano ipo, uso unamkunjuka, anaona kazi imekwisha. Habari za mteremko, kona na matundu ya kutolea maji hataki kuzisikia, anataka nene. Na paa likija kuvuja, dawa anayo mfukoni: tuongeze safu nyingine juu. Ndiyo maana kuna mapaa yaliyorundikiwa lami kama mgonjwa wa homa aliyerundikiwa mablanketi, na dari chini bado lina madoa.

Nimechoka kulijibu kwa mdomo, nalijibu kwa maandishi.

Roli ya lami haivuji katikati, labda itobolewe. Chukua kipande kutoka katikati ya roli nzuri ya milimita 3, ukiwekee maji. Yatakaa pale mpaka jua liyamalize. Kazi hiyo kiwanda kimeshaifanya. Maji hupita pale ambapo kiwanda hakikufika: roli inapokutana na roli, inapopanda ukuta, inapozunguka bomba, inaposhuka kwenye tundu la maji. Zote hizo ni kazi ya mkono wa fundi. Unene hauzisaidii, na mahali pengine unaziharibu kabisa.

Kwanza tuimalize habari ya milimita zenyewe. Roli yenye chembe za mawe juu, ile ya safu ya mwisho, mara nyingi huuzwa kwa uzito, kilo 4 au 4.5 kwa mita ya mraba, kwa sababu chembe hazilingani na ukizipima kwa milimita unapima mawe, si lami. Kwa hiyo anayekuuzia "milimita 4" ya roli yenye chembe, muulize kama amehesabu na chembe. Akisitasita, jibu umelipata. Uzito nao si mwaminifu sana. Lami huchanganywa na unga wa chokaa, na unga huo ni mzito na wa bei nafuu kuliko lami. Kiasi fulani kinahitajika. Ukizidi, unapata roli nzito, nene, ya kupendeza machoni, ambayo ukiikunja asubuhi yenye baridi inapasuka.

Kinachoibeba roli ni vitu viwili ambavyo mteja haulizi kamwe. Cha kwanza ni kile kitambaa kilicho ndani yake. Nyuzi za kioo hazinyumbuki na hazisinyai, kwa hiyo roli hubaki na vipimo vyake, lakini ukiivuta inachanika kwa urahisi. Polista, yaani nyuzi za plastiki, huvutika sana kabla ya kukatika na huvumilia kuchomwa na kitu chenye ncha, ila ikipata moto kupita kiasi husinyaa. Juu ya zege linalocheza, nipe polista ya milimita 3 kabla ya nyuzi za kioo za milimita 5. Sihitaji hata kufikiria.

Cha pili ni polima, yaani plastiki au mpira uliochanganywa na lami. Lami tupu ni kitu cha ajabu: jua likiwaka inalainika na kuteleza, baridi ikija inakuwa kama kioo. Polima ndiyo inayoituliza, na lazima iwe ya kutosha mpaka yenyewe ndiyo inayoishika lami, si lami kuishika yenyewe. Ikipungua kiwango hicho, umenunua lami iliyopakwa jina. Kuna APP, jamii ya plastiki, inayostahimili joto vizuri na kupokea moto wa gesi bila matata, lakini kwenye baridi kali hukakamaa. Na kuna SBS, jamii ya mpira, inayonyumbuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri na kurudi ilivyokuwa, ila kwenye jua kali inataka kulindwa zaidi. Wanaopima hukikunja kipande kilichopozwa kwenye fimbo ya kipenyo cha milimita 30 waone kama kitapasuka, kisha wanakitundika kwenye tanuri waone kama lami itateleza zaidi ya milimita 2. Matokeo hayo mawili yako kwenye karatasi ya bidhaa. Yasome hayo kabla ya unene. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida ni ya roli mpya. Ya miaka kumi juani ni roli nyingine.

Sasa tuje kwenye maungio, ndiko hasira zangu ziliko.

Kwa pembeni, roli moja hupanda juu ya mwenzake sentimita 10 hivi. Kwenye ncha, sentimita 15. Hilo kila fundi analijua. Linalosahaulika ni kwamba pembeni kiwanda kimekuachia ukanda usio na chembe za mawe, lakini kwenye ncha hakikukuachia kitu. Fundi mwenye haraka anachoma roli ya pili juu ya chembe za ile ya kwanza, anakanyaga, anasonga mbele. Kwa juu panaonekana pameshikana. Chini yake chembe zimeacha vijia vidogo, na maji hayahitaji zaidi ya hapo. Dawa ni kuipasha ncha ya roli ya chini mpaka lami ilainike, kuzizamisha chembe kwa mwiko hadi weusi utokee juu, ndipo uilaze ya pili. Inachukua dakika chache, lakini ni dakika ambazo hakuna mtu anayezilipia, na ndiyo maana haziwepo.

Halafu kuna pale zinapokutana roli tatu. Roli ya juu inapanda ngazi iliyotengenezwa na zile mbili za chini, na kwenye mguu wa ngazi hiyo hubaki mfereji mdogo wa pembetatu. Kona ya roli ya katikati inatakiwa ikatwe mshazari, nyuzi 45, ili ngazi ilainike na lami ijae. Na hapa ndipo mpenzi wa milimita 5 anapojichimbia shimo: ngazi ya roli nene ni ndefu zaidi, mfereji wake ni mkubwa zaidi, na kuujaza lami ni vigumu zaidi. Amelipia unene, amenunua mfereji. Kwenye kona za ukuta ni vivyo hivyo. Roli nene haikubali kukunjwa, huinuka na kuacha upenyo nyuma yake.

Namna ya kukagua maungio ni rahisi. Tazama ukingo: kama lami iliyoyeyuka imejitokeza kidogo, kati ya milimita 5 na 10, mfululizo, basi moto ulifika. Pakiwa pakavu, pita na ncha ya mwiko polepole. Ikiingia, pachomwe upya. Lami ikimwagika kama uji, moto ulizidi, na huenda kitambaa cha ndani kimeumia. Mafundi wengine huifuta ile lami iliyojitokeza ili kazi ionekane safi. Tafadhali msiifute. Ni risiti yangu hiyo.

Ukutani, roli ipande angalau sentimita 15 juu ya uso wa mwisho wa paa, kwa vipande vyake vyenyewe, juu ya kona iliyojazwa saruji mshazari ili isikunjwe kwa pembe kali. Ncha ya juu ibanwe kwa chuma au iingizwe kwenye mfereji wa ukutani. Praima, ile lami nyepesi inayopakwa kwanza ili roli ishike, ikauke kabla ya moto. Mteremko uwepo kwenye zege, usingoje lami ikufanyie. Haya yameandikwa kila mahali, siendelei nayo.

"Basi safu mbili hazina maana?" Zina maana kubwa, lakini si kwa sababu ya kujumlisha milimita. Roli mbili, tuseme ya 3 chini na ya 4 juu, zinawekwa kuelekea upande mmoja, maungio ya juu yakisogezwa nusu ya upana wa roli. Kosa la juu likitokea, chini yake kuna roli nzima, si ungio jingine. Ili maji yapite, makosa mawili yanapaswa kukutana. Hicho ndicho unacholipia. Kuchoma safu mpya juu ya paa la zamani linalovuja ni jambo jingine kabisa: unyevu uliokwisha kuingia umeufungia ndani, na jua likipandisha joto la uso mweusi hadi nyuzi 70 au 80, unyevu huo na hewa hutanuka na kutafuta pa kwenda. Kata kipande kwanza uone kama ndani pamekauka. Kama ni pabichi, bandua.

Hapo ndipo yanapotokea malengelenge, na hapo pia uhakika wangu hupungua. Vitabu vinapenda jibu moja. Mimi lengelenge dogo lililo katikati ya roli, lisilokua, naliacha, kwa sababu ukilipasua umetengeneza maungio mapya mahali ambapo hapakuwa na ungio. Likikaribia ungio, nalikata. Lile la ukubwa wa sahani, mbali kidogo na ungio, kwa kweli naamua kwa hisia ya siku hiyo, na fundi mwenzangu anaweza kuamua kinyume na bado nisimwite mjinga. Vivyo hivyo kuhusu kugandisha roli yote kwenye zege au kuiacha huru kiasi. Ikigandishwa yote, ufa wa zege unavuta roli pale pale. Ikiachwa huru, maji yakiingia hutembea chini yake na kutokea mita nyingi mbali, ukabaki unatafuta tundu kwa ramli. Kwa safu mbili za polista naelemea kugandisha, lakini sijawahi kulisema hilo bila kusita.

Ukitaka kunipima, acha milimita. Kazi ikiisha, ziba matundu ya maji, jaza maji mpaka sehemu ya chini kabisa ifike kina cha sentimita 5, ngoja saa 24 mpaka 48, kisha shuka ukatazame dari. Kabla ya kujaza, hakikisha zege linaweza kubeba, maana sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Na fanya hivyo kabla mtu hajamwaga saruji au kupanga vigae juu, kwa sababu baada ya hapo hata tukijua panavuja, kupafikia ni kuvunja.