Ndama wa tembo si yule tunayemchora ukutani

Chekechea nyingi hapa Tabora zina tembo ukutani. Ni wa kijivu, anatabasamu, na ubavuni mwake kuna ndama aliyepeleka mkonga kwenye tumbo la mama yake, eti ananyonya. Mtoto wa miaka minne humjulia tembo hapo. Akirudi nyumbani anaongezewa hadithi ya panya na ya baba tembo anayelinda familia, na wengi wetu tumekua nazo hivyo hivyo. Hizi ndizo dhana ninazokutana nazo sana, kwa watoto na kwa wazazi wao.

Dhana: Ndama hunyonya kwa mkonga

Hunyonya kwa mdomo. Tembo jike ana matiti mawili, nayo yako kifuani, katikati ya miguu ya mbele, si nyuma kama ya ng'ombe. Ndama husogea hapo, akaurusha mkonga kando au juu ya kichwa usimsumbue, akanyonya. Hata mama yake hanywi maji kwa mkonga: huyavuta mpaka ndani ya mkonga, kisha huyamwaga mdomoni. Mkonga ni pua, na maji yakipita puani mpaka kifuani, tembo hupaliwa kama sisi.

Ukiwaeleza watoto jambo moja tu kuhusu ndama, waeleze habari za mkonga. Hauna mfupa hata mmoja. Unaendeshwa na vifungu vya misuli vinavyofikia makumi ya maelfu, na ndama hazaliwi akijua kuviamrisha. Wiki za mwanzo mkonga unaning'inia tu mbele yake. Anaukanyaga, anauzungusha, anajikwaa nao, na mara nyingine anautia mdomoni na kuunyonya jinsi mtoto anavyonyonya kidole. Wahenga walisema tembo hashindwi na mkonga wake. Bila shaka hawakuwa wakimsema ndama. Inamchukua miezi mingi kuweza kuvuta nao maji sawasawa. Kabla ya hapo huinama ukingoni na kunywa kwa mdomo. Darasani tunawavalisha watoto soksi ndefu mkononi, kisha waokote karanga moja moja kutoka kwenye sahani. Hasira zinapanda, vicheko vinafuata, na hakuna anayesahau.

Dhana: Ndama ni mdogo, mnyonge, wa kubebwa

Huzaliwa na kilo 100 hivi, yaani mifuko miwili ya mbolea ile inayoshushwa kwenye mashamba ya tumbaku, baada ya mimba ya miezi 22. Mara nyingi huwa amesimama kabla saa mbili hazijaisha. Udogo wake ni wa kumlinganisha na mama: mpaka anakaribia mwaka bado anapita chini ya tumbo lake.

Dhana: Mambo ya kinyesi tuwafiche watoto

Sijui kwa nini. Ndama hula kinyesi cha mama yake au cha tembo wengine wa kundi, na kwa njia hiyo hupata vijidudu vya tumboni vya kumsaidia kusaga majani na magome. Watoto hulipenda jambo hili kuliko yote, na wanalielewa haraka kuliko sisi.

Dhana: Baba tembo ndiye mkuu wa familia

"Mwalimu, kwani baba yake yuko wapi?" Huko porini, peke yake au na madume wenzake. Familia ya tembo ni ya majike na watoto wao, na kiongozi huwa jike mzee. Dume kijana huondoka anapofika miaka kumi na kitu. Ndama halelewi na mama peke yake pia: dada, shangazi na binamu humzunguka, humwinua akianguka, humsukuma mbele wakati wa kuvuka mto. Hapa watoto wa Tabora hawahitaji maelezo marefu, maana wengi wanaishi na bibi.

Bibi huyo wa tembo si wa heshima tu. Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga Tarangire, na katika ndama 81 waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti, 16 walikufa ndani ya miezi tisa. Familia zilizotoka hifadhini kutafuta maji na malisho zilipoteza ndama wachache kuliko zilizobaki. Watafiti wanadhani majike wazee waliziongoza kwa kukumbuka ukame wa miaka zaidi ya thelathini nyuma. Ndiyo maana jangili anayemwua jike mzee kwa ajili ya pembe huwaachia ndama hasara isiyoonekana siku ile. Mtoto wa miaka sita anaweza kuambiwa hivyo, bila picha za damu.

Dhana: Ndama aliye peke yake ametupwa, tumsaidie

Dhana hii inaweza kuua mtu. Katika vijiji vya upande wa Kaliua, Urambo na Sikonge, vinavyopakana na misitu na Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, watoto huchunga mifugo na kuokota kuni mahali ambapo tembo hupita. Ndama akionekana peke yake, mara nyingi kundi liko nyuma ya vichaka. Tembo huwasiliana pia kwa sauti nzito mno ambazo sikio letu halizipati, zinazosafiri kilomita kadhaa. Kwa hiyo ukimya wa pori haumaanishi mama hayupo. Na jike mwenye ndama haulizi nia yako.

Mtoto afundishwe mambo machache na arudie kwa mdomo wake: usimsogelee, usimpigie kelele, usimrushie kitu, rudi ulikotoka, mwambie mkubwa. Mkubwa naye apeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji au askari wa wanyamapori.

Ikitokea kweli ndama ni yatima, huruma yetu ya kwanza ni kumkamulia ng'ombe. Hilo nalo ni kosa. Mafuta yaliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe humdhuru. Kule Kenya, Daphne Sheldrick, aliyekuwa akilea tembo yatima, alihangaika miaka mingi na kupoteza ndama wengi kabla ya kugundua kwamba maziwa ya kopo ya watoto wachanga pamoja na nazi ndiyo yanayowafaa. Ndama wa chini ya miaka miwili hawezi kuishi bila maziwa, na hayo si maziwa ya kubahatisha kijijini.

Dhana: Tembo anaogopa panya

Panya wa nini? Tembo anaogopa nyuki, na mkoa wetu una nyuki. Ngozi yake ni nene, lakini nyuki humchoma pembeni mwa macho na ndani ya mkonga. Mtafiti Lucy King alithibitisha Kenya kwamba tembo wakisikia mvumo wa nyuki huondoka, na mizinga iliyotundikwa kuzunguka mashamba imetumika kuwazuia. Kwa mtoto ambaye babu yake anarina asali, hadithi hii ni tamu kuliko ya panya, tena ni ya kweli.

Dhana: Tembo wako Serengeti tu

Ugalla ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na tembo wamo. Wako pia Moyowosi, upande wa Kigoma. Ndugu zetu wa Kigoma mjini wasiwatafute Gombe, huko ni sokwe. Mto Ugalla wenyewe huingia Malagarasi, nao Malagarasi humwaga maji Ziwa Tanganyika.

Mkipanga kuwapeleka watoto Ugalla, nendeni kiangazi, njia zikiwa kavu na wanyama wakifuata mto. Ila msiwavalishe sare za shule. Mbung'o ni wengi, na hufuata rangi ya bluu na nyeusi.