Ukoka na Marchantia: unachokanyaga ni kizazi gani?

Kwenye kitalu cha miche chenye kivuli, mara nyingi utaikuta yote miwili. Ukoka umetambaa kutoka ukingoni, na juu ya udongo wa viriba kuna utando wa kijani uliolala bapa, ncha zake zikigawanyika mbilimbili. Wengi hudhani utando huo ni ukungu au mwani. La, ni mmea kamili wa nchi kavu, wa jenasi ya Marchantia, na jamaa zake wamejaa katika misitu yenye unyevu ya Usambara na Kilimanjaro.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Mimea ya nchi kavu huwa na vizazi viwili vinavyopokezana: kimoja hutoa mayai na mbegu za kiume, kingine hutoa spora, yaani chembe ndogo za uzazi zinazoota zenyewe bila kurutubishwa. Majani, mashina na mizizi ya ukoka ni kizazi cha spora. Kile kingine kimebaki seli chache tu ndani ya ua na punje ya chavua. Marchantia imepindua mambo. Utando wenyewe ndio kizazi cha mayai na mbegu za kiume, na seli zake zina seti moja tu ya kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi), ambazo ni 9 kwa Marchantia polymorpha, spishi iliyochunguzwa zaidi. Kizazi cha spora ni kitu kidogo kinachoning'inia na kulishwa na mmea mama hadi kipasuke.

Ukiwa na lenzi ya mkono, tafuta vijiti vyenye umbo la mwavuli. Mwavuli wa kike umechanika kama vidole; wa kiume ni bapa, kingo zake zina mawimbi. Mbegu za kiume huogelea kulifuata yai, kwa hiyo pasipo maji hakuna uzazi wa namna hii. Chavua ya ukoka hubebwa na upepo, basi.

Marchantia haina mizizi halisi wala mirija ya kupandishia maji, na vitundu vyake vya hewa havifungiki. Ukoka hufunga vyake jua likiwaka, tena husanisi chakula kwa njia ya C4, mbinu ya kunasa hewa ya ukaa inayofaa kwenye joto na jua kali, sawa na mahindi na muwa. Ndiyo maana jua la saa saba mchana haliushtui.

Kwa mwenye kitalu, hili lina maana. Ukoka ukilimwa kwa jembe husambaa, kwa kuwa kila kipande chenye kifundo huota. Ung'olewe pamoja na mashina yake ya chini. Marchantia ina vikombe vidogo vyenye vijipande vya kijani, na tone la maji likidondokea humo huvirusha kwenye kiriba cha jirani. Sioni haja ya kukimbilia dawa. Bandua utando, punguza kivuli, na uache udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena.