Nyumbu wa Serengeti na dhana potofu katika somo la ikolojia ya idadi ya wanyama

Dhana inayowashika zaidi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biolojia ni kwamba simba na fisi ndio wanaodhibiti idadi ya nyumbu wa Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu hao walikadiriwa kuwa takribani 250,000, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha walikuwa wamevuka 1,000,000, ingawa simba na fisi walikuwepo muda wote huo. Kilichoondoka ni sotoka, ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na kuteketeza ng'ombe wa Wamaasai. Ng'ombe wa vijiji vinavyopakana na hifadhi walipochanjwa, virusi vikakosa mahali pa kujihifadhi na vikatoweka miongoni mwa nyumbu pia. Pundamilia, ambao hawaugui sotoka, hawakuongezeka kwa namna hiyo, na ulinganisho huo una thamani kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Ongezeko hilo nalo lilikoma, na hapa tena si kwa sababu ya simba. Watafiti Simon Mduma, A.R.E. Sinclair na Ray Hilborn walionyesha mwaka 1999 kwamba vifo vingi vya nyumbu hutokana na lishe duni wakati wa kiangazi, jambo linalotambulika hata kwenye mizoga, kwa kuwa mnyama aliyekufa kwa njaa huwa ameshamaliza mafuta ya uboho wa mifupa yake. Mwanafunzi anapaswa kutenganisha kinachoua na kinachodhibiti: kisababishi hudhibiti idadi pale tu ambapo makali yake kwa kila mnyama huongezeka kadiri wanyama wanavyokuwa wengi. Simba hushikamana na eneo lake na watoto wasioweza safari ndefu, ilhali nyumbu huhama. Kwa hiyo hawezi kuwafuata mwaka mzima.

Vitabu huuweka ukame katika orodha ya visababishi visivyotegemea msongamano, yaani vile ambavyo makali yake hayabadiliki kwa wingi wa wanyama, na wanafunzi huikariri orodha hiyo kama ilivyo. Ni kweli kwamba mvua haijali idadi ya wanyama, lakini majani machache yaliyosalia hugawanywa kwa midomo iliyopo. Ukame wa mwaka 1993 uliwaua nyumbu wengi namna ile kwa sababu ulilikuta kundi likiwa tayari kubwa, na mwaka uliofuata makadirio yalishuka chini ya 1,000,000. Kutokana na hayo, uwezo wa mazingira kubeba wanyama haufai kufikiriwa kuwa namba moja ya kudumu, kwani hupanda na kushuka pamoja na mvua ya kiangazi.

Katika hesabu, kosa la kawaida ni kudhani kwamba kundi kubwa zaidi ndilo linaloongeza wanyama wengi zaidi kila mwaka. Tuchukue mfano wa darasani, wenye uwezo wa mazingira wa wanyama 1,000,000 na kasi ya juu kabisa ya ongezeko ya 0.1 kwa kila mnyama kwa mwaka. Kwa mlinganyo wa ukuaji wenye kikomo, unaozidisha kasi hiyo ya juu kwa idadi ya wanyama na kwa sehemu ya uwezo wa mazingira ambayo bado haijajazwa, wanyama 100,000 wataongeza 9,000, wanyama 500,000 wataongeza 25,000, na wanyama 900,000 wataongeza 9,000 tu. Kasi kwa kila mnyama imekuwa ikishuka tangu mwanzo, kutoka 0.09 hadi 0.05, kisha 0.01, ilhali jumla ya wanyama wanaoongezeka ndiyo inayopanda kwanza na kushuka baadaye. Asiyezitenganisha namba hizi mbili atasumbuka na kila grafu ya somo hili.

Na hakuna anayehesabu nyumbu mmoja mmoja. Ndege hupiga picha kwenye mistari iliyochaguliwa, wanyama waliomo pichani huhesabiwa, kisha jumla hukadiriwa kwa eneo zima, pamoja na kiwango chake cha makosa. Ndiyo maana makadirio mawili yanayopishana kwa makumi ya maelfu yanaweza kuwa ya kundi ambalo halikubadilika hata kidogo.