Kidimbwi cha Nyuma ya Nyumba: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi hukipenda kidimbwi cha nyuma ya nyumba siku maji yanapong'aa, kisha hukitilia shaka mara yanapogeuka rangi, yanapopungua au yanapojaa wadudu. Chanzo cha shaka hiyo ni dhana kwamba kidimbwi kizuri hakibadiliki, ilhali kidimbwi chenye uhai hufuata misimu, na anayetaka kukifurahia hana budi kuyaelewa mabadiliko yake kabla ya kukimbilia ndoo na dawa.

Dhana inayokatisha tamaa zaidi ni kwamba kila kidimbwi huzalisha mbu. Ni kweli kwamba mbu hutaga katika maji yaliyotuama, na kwamba wakati wa joto yai linaweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Lakini viluwiluwi wa mbu hustawi hasa mahali wasipokuwa na adui: madimbwi ya muda yanayoachwa na mvua, makopo, matairi yaliyotupwa na mifereji ya paa iliyoziba. Katika kidimbwi kilichokomaa huliwa na samaki wadogo, na wadudu wa majini, na watoto wa kereng'ende, ambao huishi chini ya maji kwa miezi, na aina nyingine kwa miaka, kabla ya kupanda juu ya bua la tete, kuambua gamba na kuruka. Atakayebahatika kuliona tukio hilo asubuhi ataelewa kwa nini kidimbwi hakistahili kunyunyiziwa sumu, kwani sumu inayoua mbu huwaua na hao wanaomwinda. Kidimbwi kipya, ambacho bado hakina wawindaji hao, ndicho kinachohitaji kukaguliwa mara kwa mara. Kereng'ende naye husingiziwa kuwa anachoma watu, ingawa hana mwiba.

Maji yakigeuka kijani, wengi huyamwaga yote. Rangi hiyo ni ya mwani mdogo mno unaoongezeka pale mwanga na virutubisho vinapozidi, na kwa kawaida hujitokeza joto linapoanza kupanda, kabla mimea mikubwa haijachipua vya kutosha. Kumwaga maji hakuondoi sababu. Tena maji ya bomba mara nyingi huwa na klorini inayodhuru samaki pamoja na bakteria wanaovunjavunja uchafu. Inafaa zaidi kupunguza chakula cha samaki, kutoa majani yanayooza na kuacha yungiyungi zifunike sehemu ya uso wa maji.

Wapo pia wanaoamini kwamba mimea huongeza oksijeni saa zote. Mchana ndiyo, lakini usiku mimea nayo huitumia, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi: takriban miligramu 14.6 kwa lita katika nyuzijoto 0 za Selsiasi, na karibu 7.6 tu katika nyuzijoto 30. Ndiyo maana samaki wanaotweta juu ya maji alfajiri ya msimu wa joto hawaombi chakula. Wanahitaji maji yanayotiririka au kurushwa ili yachanganyike na hewa.

Kiangazi hupunguza maji, na hilo si lazima liwe hasara, maana ukingo wa tope unaobaki huwapa vipepeo na nyuki mahali pa kunywa bila kuzama. Mvua zikirudi, vyura huanza kuitana usiku, na hapo huzuka hofu kwamba kumgusa chura huleta chunjua. Chunjua husababishwa na virusi vinavyoambukizwa baina ya binadamu. Linalostahili hofu ni jingine: maji ya kina cha sentimita chache yanaweza kumzamisha mtoto mdogo, kwa hiyo uzio utangulie mapambo.

Penye baridi kali hudhaniwa kwamba barafu ikitanda samaki wote hufa. Maji huwa mazito zaidi yanapofikia takriban nyuzijoto 4, hivyo hayo huzama na barafu huelea juu. Kidimbwi chenye kina cha kutosha hubaki na maji chini, na samaki hukaa humo wakisogea kwa nadra. Barafu isipigwe kwa nyundo, kwa sababu mshtuko wake huwafikia. Sufuria ya maji ya moto ikiwekwa juu yake huyeyusha tundu, na gesi za majani yanayooza hupata pa kutokea.